Nimelala na mablanketi mawili Chonyonyo, nikaiwaza Dar

KAMA wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na umepanga chumba cha mabati uswahilini kama mimi, basi mwezi wa Februari huhitaji kuambiwa joto ni kitu gani. Saa nane za usiku umekaa kitandani, shuka umelitupa kule, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na Luku nayo inakuchungulia, zimebaki yuniti mbili. Jirani yako kahamia uani na mkeka wake. Mbu wanamla lakini anasema afadhali mbu.

Sasa msomaji wangu mpenzi, wiki mbili zilizopita mimi sikuwa huko. Nilikuwa Chonyonyo.

Najua kuna watakaouliza Chonyonyo ndiyo wapi. Ni kata ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, upande ule wa nchi unaopakana na Rwanda na Uganda. Jirani yake ni Kyerwa, ambayo zamani ilikuwa Karagwe hiyo hiyo mpaka ilipomegwa mwaka 2012 ikawa wilaya inayojitegemea. Na kabla hujafika, jifunze jambo moja: si kila atokaye Kagera ni Mhaya. Huku wenyeji ni Wanyambo, bwana, na ukikosea watakusahihisha kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili sijui, sikukosea tena.

Nilialikwa na mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni fundi umeme hapa mjini. Alikuwa anakwenda kuwasalimu wazee wake, akaniambia twende ukaone dunia. Tukapanda basi. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Bukoba, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja ambayo sitaki kuieleza yote maana magoti yangu bado yanaikumbuka. Ila baada ya Bukoba tulivuka daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la zamani mwaka 1978, kisha gari likaanza kupanda. Linapanda, linakata kona, migomba kulia, migomba kushoto, mabonde chini yamejaa ukungu. Hapo nikaona kituko: abiria mmoja baada ya mwingine anafunga dirisha. Dar ukifunga dirisha la daladala mwezi wa pili, konda mwenyewe atakushusha.

Siri ya huko ni urefu. Milima ya Karagwe iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na wataalamu wa hali ya hewa wanasema kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33, na usiku haishuki sana chini ya 25. Ukipanda mpaka kule, unatoa nyuzi kama kumi. Alfajiri ya kwanza simu yangu iliandika nyuzi 15, na mimi nilikuwa chini ya mablanketi mawili ya mama mwenye nyumba, nimejikunja kama jongoo.

Na nililala! Jamani, nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu Novemba. Niliamka kichwa chepesi, moyo umetulia, hata hasira sina. Mshikaji akanicheka, akasema, "Unaona? Wewe siku zote hukuwa mvivu, ulikuwa umechemka."

Hayo maneno aliyasema kwa utani lakini yalinikaa. Maana ukiuliza madaktari watakwambia joto baya kuliko yote ni la usiku. Mchana mwili unapambana: damu inakimbizwa kwenye ngozi ili ipoe, jasho linatoka, moyo unapiga mbio kama wa mtu anayepanda ngazi hali yeye amekaa tu. Kazi hiyo ina mwisho wake. Usiku ukipoa, mwili unapumzika, unajitengeneza. Usiku usipopoa, kesho unaanza na deni la jana, keshokutwa deni la siku mbili. Kijana mwenye afya atalalamika tu na kununua maji ya baridi. Lakini bibi mwenye presha, mtoto wa miezi mitatu, mama mwenye mimba ya miezi minane, hao deni linawashinda. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walitoa matokeo yao mwaka 2020 kwamba joto likipanda, akina mama wanaojifungua kabla ya siku zao nao wanaongezeka.

Halafu kuna unyevu. Hapa watu wengi hudhani jasho ndilo linalotupoza. Hapana, kinachotupoza ni jasho kukauka. Dar hewa ya bahari imejaa maji tayari, jasho halina pa kwenda, linatiririka tu mgongoni na kuharibu shati. Ndiyo maana mtu wa Dodoma anaweza kukaa kwenye nyuzi 33 akakushangaa wewe wa Tandale unayehema. Wataalamu wana kipimajoto wanachokifunga kitambaa kibichi ili kupima joto na unyevu kwa pamoja. Kwa muda mrefu waliandika kwamba kikifika nyuzi 35 hakuna binadamu atakayehimili saa nyingi, hata akae kivulini uchi na maji ya kunywa. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani waliwapima vijana wazima kabisa, wakakuta miili ilianza kushindwa karibu na 31. Usichanganye, hizo si nyuzi 32 zinazotangazwa redioni, ni za kitambaa kibichi, na Dar kwa kawaida iko chini ya hapo. Lakini wale vijana walikuwa wanafanya kazi nyepesi. Hawakuwa wamebeba zege.

Turudi Chonyonyo. Siku ya pili bibi wa mshikaji wangu aliniita nikae naye jikoni. Ni mzee sana, anatafuna kahawa, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa kwanza kabla ya maneno mengi. Senene niliwakosa, msimu wao ni Novemba, imebidi nile ndizi na maharage siku zote kumi na sikujuta. Bibi akaniuliza kwa Kiswahili cha kukatakata, "Mjukuu wangu, huko Dar usiku mnajifunika nini?"

Nikamwambia, "Bibi, hatujifuniki kitu."

Akasimama kutafuna. Akamwambia mjukuu wake kitu kwa Kinyambo, wote wakacheka mpaka machozi. Baadaye nikatafsiriwa: bibi alisema kumbe ndiyo maana vijana wakirudi kutoka Dar wanakuwa wamekonda, wanalala kama mifugo.

Bibi huyo ndiye aliyenionyesha mahali ilipokuwa nyumba yake ya zamani, ya msonge, iliyoezekwa nyasi mpaka chini. Anasema mchana ilikuwa baridi na usiku ilikuwa na joto. Sasa anakaa kwenye mabati kama kila mtu, na hataki kurudi kwenye nyasi, maana mabati hayavuji na yanakinga maji ya mvua yanayoingia kwenye tangi, na bila tangi ni kushuka bondeni na dumu kichwani. Ila saa saba mchana haingii ndani. Anakaa chini ya migomba. Watu wa pwani nao walikuwa na akili hiyo hiyo: makuti juu, baraza nje, mwembe uani. Sisi tumeng'oa mwembe tukajenga chumba cha kupangisha, juu tukaweka bati tupu bila silingi bodi, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kuongeza dirisha. Enzi za Mwingereza mji wenyewe uligawanywa hivyo, Uzunguni kwenye bustani na upepo wa bahari, Uswahilini nyumba zimebanana. Upepo bado unaishi Oysterbay mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike safu hii, maana sikwenda kule kutafuta habari za joto.

Mshikaji wangu ana mdogo wake wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na baba yao alishaamua kwamba tukirudi Dar tuondoke naye. Alishatafutiwa kazi ya saidia fundi kwenye ghorofa moja linalojengwa. Kijana kifua kipana, anabeba mkungu wa ndizi kutoka bondeni kama mimi ninavyobeba simu. Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Mama yao jioni akanigeukia mimi, mgeni, akaniuliza kama kazi ile ni salama. Alikuwa anafikiria kuanguka kutoka ghorofani. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine.

Mwaka juzi kwenye nyumba ninayopanga alikuja kijana kutoka upande wa Makete, kwenye baridi kama hii ya Karagwe, au zaidi. Naye kifua kipana. Alifika Jumamosi, Jumatatu akaanza kazi ya kuchanganya zege. Siku ya tatu mchana wa saa nane alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakacheka, wakasema dogo amepata kitu cha Kimakete mapema. Akawa anayumba. Wakamweka pembeni alale "pombe imtoke", juani, jamani, pembeni ya rundo la mchanga. Aliyemgusa baada ya muda alisema ngozi yake ilikuwa kama sufuria. Wakamfungua mdomo wakammiminia soda. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Hakuonja pombe maisha yake, alikuwa mlokole.

Karatasi iliyotoka iliandikwa moyo. Hakuna mahali palipoandikwa joto.

Hilo ndilo la kushangaza kuhusu muuaji huyu. Haandiki jina lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 joto liliua watu wapatao 489,000 kila mwaka duniani, na katika hao asilimia 45 ni Asia na 36 ni Ulaya. Ulaya! Mwaka 2003 peke yake kiangazi chao kiliondoka na watu zaidi ya 70,000. Sisi tulio karibu na ikweta je, tuko salama? Mwaka 2020 watafiti wawili, Harrington na Otto, waliangalia daftari kubwa la dunia la majanga, wakakuta Afrika yote kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa karne ya 20 imeandikiwa mawimbi mawili tu ya joto, na vifo 71. Vifo 71 katika miaka zaidi ya mia! Ukiamini hesabu hiyo basi utaamini na mimi nina gari.

Wazungu hawana miili dhaifu kuliko sisi, tofauti ni kwamba wao wanahesabu. Mji wa Chicago, Julai 1995, joto lilipiga siku chache tu na watu zaidi ya 700 wakafa, wengi wao wazee wanaoishi peke yao kwenye vyumba vya juu vilivyofungwa. Wale nao wengi wangeandikiwa moyo. Lakini walichofanya ni kuchukua idadi ya waliokufa wiki ile na kulinganisha na wiki kama hiyo miaka mingine. Wanaozidi, hao ni wa joto. Ni hesabu ya kutoa, ya shule ya msingi. Ahmedabad, India, walifanya hivyo hivyo baada ya Mei 2010, wakakuta wamezidi watu 1,300 na kitu. Mwaka 2013 mji ukawa na mpango wake: tangazo kabla joto halijafika, wauguzi wanafundishwa, maji ya kunywa yanawekwa barabarani, na baadaye mabati ya nyumba za maskini yakapakwa chokaa nyeupe. Chokaa tu. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 wakamteua mama mmoja, Eugenia Kargbo, kazi yake rasmi ikiwa kushughulikia joto la mji, na akina mama wa sokoni wakajengewa vivuli.

Na si kwamba jambo hili liko mbali. Juba, jirani zetu hawa wa Sudan Kusini, mwezi Februari 2025 serikali ilifunga shule zote kwa wiki mbili kwa sababu wanafunzi walikuwa wanazimia. Madarasa ya mabati, tena. Makka nako, Hija ya Juni 2024, serikali ya Saudia ilitangaza mahujaji 1,301 wamefariki, wengi wao ni waliokwenda bila kibali wakatembea masafa marefu juani bila hema wala basi.

Basi jioni ile nikamweka kijana chini, na kaka yake akiwepo. Nikamwambia mdogo wangu, nguvu zako ni za Karagwe. Mwili ukihamia kwenye joto unahitaji wiki moja mpaka mbili kujifunza: kutoa jasho mapema, kubana chumvi, kuongeza maji kwenye damu. Kabla haujajifunza, wewe mwenye kifua ndiye uko hatarini kuliko mzee wa Mbagala mwenye mbavu zinazohesabika, maana yeye atapumzika na wewe utataka kuonyesha kazi. Wamarekani wanaopeleleza vifo vya kazini wanasema wengi wanaokufa kwa joto hufa siku zao chache za kwanza. Kanuni yao ni kwamba mgeni afanye moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kesho yake aongeze moja ya tano nyingine, mpaka wiki ijae. Na ukirudi nyumbani ukakaa mwezi mzima, mwili umesahau, unaanza upya.

Nikamwambia anywe maji kabla ya kiu, kidogo kidogo, na chakula chake kiwe na chumvi. Atazame mkojo wake, ukiwa na rangi ya chai ya rangi basi amechelewa. Misuli ikikaza, kichwa kikigonga, kichefuchefu, aondoke juani bila kumwomba mtu ruhusa. Na akimwona mwenzake anaongea ovyo au anayumba, asicheke. Huyo si mlevi mpaka ithibitike. Amburute kivulini, amvue shati, ammwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa chochote, hata boksi, huku mwingine anatafuta gari. Mdomoni asimtie kitu kama hajitambui. Panadoli haisaidii, hiyo si homa ya malaria. Kiharusi cha joto hakisubiri, mwili ukivuka nyuzi 40 ubongo na figo vinaanza kuharibika, na kila dakika ina bei yake.

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza yote, wala sikumwona. Akauliza, "Kwa hiyo asiende?"

Swali gumu hilo. Nani atamwambia kijana wa miaka 19 abaki akitazama migomba wakati ada ya wadogo zake inasubiri? Nikasema aende, mama, ila asianze kazi siku ya pili.

Kijana mwenyewe ndiye aliyenibana. Akasema, "Kaka, hiyo moja ya tano ya kazi ni sawa. Je, na mshahara ni moja ya tano?" Kazi ya saidia fundi ni ya kutwa. Hukufanya, hukulipwa. Na msimamizi wa saiti ukimpelekea kanuni za Wamarekani atakuuliza kama umekuja kujenga au kufundisha, nyuma yako kuna vijana kumi wamesimama getini. Nikakohoa. Sina jibu la hilo, na wenye kutunga sheria za kazi sijasikia wakilijibu.

Kaka mtu ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema wiki ya kwanza yote dogo atakula na kulala kwake Buguruni, asubuhi anatoka naye kutembea na kubeba vifaa vyake vya umeme, saa nne anarudi kivulini. Wiki ya pili ndiyo aende saiti, na siku za kwanza aombe kazi ya asubuhi tu, zege la saa nane awaachie wenyeji. Mama akauliza ni gharama kiasi gani, mshikaji akasema ni ugali tu, mama, na maji.

Tiketi tatu zilikatwa za basi la Jumapili. Haya wasomaji wangu, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.